Mkono wa Mtoto: Mafunzo ya Kazi na Tiba kwa Vitendo katika Shule za Mrima

Katika miji ya pwani ya Mrima, tangu Kaole, ambako magofu ya misikiti na makaburi ya mawe yangali yakishuhudia ustaarabu wa zamani, hata Winde, Saadani na Pangani, mtoto hakuhesabiwa kuwa amefunzwa mpaka mkono wake uwe umeijua kazi. Wa kiume alipelekwa kwa fundi wa mashua au kwa seremala, wa kike akakaa ubavuni mwa mama yake akisuka ukili, na wote, kwa kadiri ya uwezo wa wazee wao, walitiwa chuoni wasome Kurani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa jirani ya Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye habari zake zilichapwa mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, aliyaweka malezi na masomo ya watoto miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyostahili kuandikwa, maana alijua ya kwamba umma hujulikana kwa namna unavyolea.

Historia ninayokusudia kuieleza hapa ni ya mkono huo wa mtoto: jinsi ulivyofunzwa na fundi, kisha na padri, kisha na serikali, na mwishowe, katika siku zetu, ulivyofika mbele ya mtoa tiba kwa vitendo, mtaalamu ambaye kazi yake shuleni ni kuyatazama yale ambayo mtoto hana budi kuyafanya kutwa, yaani kukaa, kuandika, kula, kuvaa, kucheza na kwenda msalani, na kumtafutia njia ya kuyafanya ikiwa mwili au akili yake imeweka kizuizi. Swali linalopita katika historia yote hii ni moja: mkono wa mtoto ulifunzwa kwa manufaa ya nani?

Tuanze chuoni. Mwanafunzi aliketi mkekani, ubao wake ameuegemeza magotini, akaandika kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, akasoma, akauosha ubao, akaanza tena. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wa umri mbalimbali mbele yake, na kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, huyu yuko katika alifu na bee, yule amekaribia kuhitimu, wala hakuna aliyeaibishwa kwa kuwa nyuma ya mwenzake wa rika moja. Sisemi kwamba chuo kilikuwa pepo ya watoto, maana fimbo ilikuwako. Lakini katika kukaa chini, katika ubao ulioinama na katika mwendo wa kila mtu peke yake mlikuwamo hikima ambayo shule zilizofuata ziliipoteza. Mmoja wa masheikh wakuu wa Bagamoyo, Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya na kufariki mwaka 1931, aliletwa pwani kutoka Kongo angali mtumwa. Akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na darasa yake ikavuta wanafunzi kutoka bara na visiwani. Mtu aliyefikishwa Bagamoyo ili mkono wake umtumikie mwingine aliishia kuwa mwalimu wa mji.

Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika Unguja mwaka 1863, walivuka bahari mwaka 1868 chini ya Padri Antoine Horner wakaweka misheni Bagamoyo. Watoto wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wengine wakinunuliwa katika soko la Unguja lenyewe, kabla ya Sultani Barghash kulifunga mwaka 1873. Mtoto huyo hakuwa na baba wala ukoo wa kumrithisha ufundi, basi misheni ikashika mahali pa baba: asubuhi sala, kisha darasa, kisha kazi, na kazi yenyewe ilikuwa shamba la minazi, useremala, uhunzi, uashi na ushonaji. Kimbunga cha mwezi wa Aprili mwaka 1872 kilipoyabomoa majengo, mikono ile ile ya vijana ilishiriki kuyainua upya. Bwana Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kuushughulikia mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, alipatembelea pale mwaka 1873 akapasifu kuwa kielelezo, na sifa yake hasa ilikuwa kwa karakana.

Naliheshimu jambo lile, kwa sababu aliyejua kupasua ubao au kufua chuma hakuhitaji tena bwana wa kumlisha. Hata hivyo yapasa kusema wazi kwamba ratiba ilitangulia mtoto. Misheni ilihitaji paa, mlango na nazi, na mtoto alipimwa kwa kuvileta vitu hivyo. Aliyekuja na mguu uliovunjika njiani ukaunga vibaya, au aliyepatwa na butwaa kwa yale aliyoyaona katika msafara, alihurumiwa, akalishwa, akauguzwa. Lakini kumtengenezea kazi iliyolingana naye, ili kwa kazi hiyo apone, hakukuwa bado elimu iliyojulikana Bagamoyo.

Katika enzi ya Wajerumani aliyekuwa na mkono mpana kuliko wote alikuwa mfanyabiashara wa mji wenyewe, Sewa Haji Paroo, aliyetoa mali yake kwa shule ya watoto wa kila kabila, kwa hospitali na kwa wakoma, hata alipofariki mwaka 1897 wosia wake ukaendelea kuwasaidia wagonjwa. Nawataja wakoma kwa makusudi. Ukoma huondoa hisi katika vidole, mtu akashika chungu cha moto asijue anaungua, na mikono hiyo ndiyo iliyokuja kuwafunza matabibu wa karne iliyofuata, hasa Paul Brand kule Vellore nchini India tangu miaka ya 1940, ya kwamba upasuaji peke yake haurudishi mkono: lazima mgonjwa afunzwe kuutumia upya katika kazi zake za kila siku.

Vita Vikuu vya Kwanza ndivyo vilivyoikuza elimu hiyo ya kuponya kwa kazi. Mwezi wa Agosti mwaka 1916 manowari za Waingereza ziliiteka Bagamoyo, na wapagazi kwa maelfu walifuata majeshi barani, wakiacha jina la kikosi chao katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Miezi michache baadaye, mwezi wa Machi mwaka 1917, watu wachache walikutana katika kijiji cha Clifton Springs, jimbo la New York, katika nyumba ya George Edward Barton, msanifu wa majengo aliyekuwa na kifua kikuu na aliyepooza upande wa kushoto, ambaye alijiponya kwa bustani na useremala. Pamoja naye walikuwamo daktari William Rush Dunton na Bi. Eleanor Clarke Slagle, na chama walichokiunda ndicho kilichoipa tiba kwa vitendo hadhi ya taaluma. Askari waliojeruhiwa wakapewa vitanda vya kufumia, vikapu vya kusuka na mbao za kuchonga, chini ya wanawake waliosomeshwa kazi hiyo. Uingereza ilipokea taaluma hiyo katika muongo uliofuata, na mwaka 1930 Dk. Elizabeth Casson akafungua huko Bristol chuo cha kuifundisha. Msomaji wa pwani hana budi kusimama hapa: vikapu na mbao vilivyokuwa kazi ya kila siku ya watoto wa Mrima vilitumiwa ng'ambo kuwa dawa, na kipimo cha dawa hiyo kilikuwa hali ya mgonjwa, kikapu chenyewe kikawa ziada.

Maarifa hayo hayakuletwa shuleni kwetu kwa muda mrefu. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924 ilisisitiza kilimo na kazi za mikono kwa Waafrika, lakini kwa nia ya kupata wakulima bora na mafundi watiifu. Ulipokuja uhuru, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 aliigeuza nia hiyo: shamba na karakana ya shule vilikusudiwa kumjenga raia asiyemdharau mkulima. Hiyo ni fikira adhimu, na wengi wetu tuliishi ndani yake tukiwa na majembe mabegani. Lakini jembe lilikuwa moja kwa watoto wote, na yule ambaye kiganja chake kilikunjika hata hakiwezi kulishika alikaa kivulini akiwatazama wenzake, au hakuandikishwa kabisa, ijapokuwa sheria ya mwaka 1978 ilifanya elimu ya msingi kuwa lazima.

Waliofikiriwa mapema walikuwa vipofu, ambao shule yao ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na baadaye viziwi. Dar es Salaam ikapata shule ya Uhuru Mchanganyiko, ambako wasioona na wanaoona walisoma pamoja, na shule ya Matumaini ya Jeshi la Wokovu kwa wenye ulemavu wa viungo. Mtoto wa Bagamoyo mwenye mtindio wa ubongo, basi, alikuwa na njia mbili: kuhamia Dar es Salaam, mbali na nyumbani, au kubaki ukumbini.

Watoa tiba wenyewe walichelewa kupatikana. Nairobi ilianza kuwafundisha mwaka 1968. Kwetu mafunzo yalianza katika miaka ya 1980 kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Uganda ikafuata Mulago mwaka 1994. Mwaka huo wa 1994 ndipo CCBRT, shirika la kuwahudumia wenye ulemavu, lilipoanza Dar es Salaam, na ndipo mataifa yalipokubaliana Salamanca, Hispania, kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa mtoto yeyote. Tanzania ikatoa sera yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2004 na sheria mwaka 2010. Lakini wanaohitimu wameajiriwa aghalabu mahospitalini, na mtoto huletwa kwao na mama aliyembeba mgongoni. Ilhali Marekani, tangu sheria yao ya mwaka 1975 ya elimu ya watoto wenye ulemavu, mtoa tiba huonekana shuleni kama mwalimu aonekanavyo.

Na kuna tofauti kubwa baina ya mahali pale pawili. Hospitalini mtoa tiba huuona mkono. Shuleni huiona siku nzima. Huona kwamba dawati la watu watatu limemwacha mtoto miguu ikining'inia, na asiye na mahali pa kukanyaga hutumia nguvu zake zote asianguke, zisibaki za kuandika. Huweka tofali chini ya miguu, na mwandiko hubadilika wiki hiyo hiyo. Huizungushia kalamu utepe wa mpira wa baiskeli ili iwe nene ya kushikika. Huweka ubao wenye mwinamo juu ya meza, kwa sababu kifundo cha mkono hutulia vyema palipoinama, jambo ambalo mwanafunzi wa chuoni alilipata bure magotini mwake. Mwenye usonji anayeziba masikio kwa kelele za darasa la watoto wengi humkalisha karibu na mlango, akampa kazi ya kugawa madaftari, mwili wake upate kutembea kwa ruhusa.

Tena vifaa vyake vingi viko mjini tayari. Kusuka ukili kunaifunza mikono miwili kushirikiana, mmoja ukishika na mwingine ukipitisha. Kufuma kofia kunaimarisha ncha za vidole. Bao linafunza kuokota kete, kuhesabu na kungoja zamu. Na ngoma, ambayo Bagamoyo ina chuo chake cha sanaa tangu mwaka 1981, inampa mtoto mwenye mwili mkaidi mdundo wa kuufuata. Fundi wa mashua wa forodhani, mwenye jicho la kuona ubao umepinda wapi, anaweza kufunzwa kutengeneza kiti cha mtoto asiyeweza kujikalisha. Na pasipo mbao, pana maboksi: Bevill Packer wa Zimbabwe alionyesha jinsi karatasi zilizotupwa, zikigandishwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga na kukaushwa juani, zinavyokuwa kiti kigumu cha kumbeba mtoto.

Kinachokosekana ni mtu wa kupima. Kiti hicho hutaka urefu wa paja, urefu kutoka goti hadi unyayo, kimo cha kiwiko na upana wa nyonga, na kila baada ya miezi kadhaa vipimo hurudiwa, kwa kuwa mtoto amekua. Seremala hawezi kuvikisia, wala mwalimu mwenye wanafunzi wengi hana wasaa. Maoni yangu ni kwamba kila halmashauri ya pwani hii, Bagamoyo ikitangulia, imwajiri mtoa tiba kwa vitendo chini ya idara ya elimu, ofisi yake iwe katika shule yenye kitengo cha elimu maalumu, na apewe pikipiki ya kumfikisha Saadani na vijiji vya Mto Wami kabla ya mvua za masika kuiziba barabara.