Shamba la Mwalimu: Nani Alilipa Kazi ya Kanisa West Nile?

Hapa kambini neno "kujitolea" lina maana mbili, na mara nyingi tunazichanganya. Kuna mtu wa kujitolea wa shirika. Huyo ana fulana yenye nembo, anasaini karatasi ya mahudhurio, na mwisho wa mwezi anapata kitu kidogo ambacho hakiitwi mshahara. Halafu kuna mtu wa kujitolea wa kanisa. Huyu anafagia uwanja Jumamosi, anatafsiri mahubiri, anaamka usiku mama mjamzito akihitaji kupelekwa kituo cha afya. Hana fulana wala hana pa kusaini.

Siku hizi, misaada ikiwa inapungua, nasikia mikutanoni watu wakisema: makanisa yana watu wao wanaofanya kazi bure, basi tuwaachie hii, tuwaachie na ile. Mimi nafanya kazi na vijana katika kanisa moja dogo huku Lobule, wilaya ya Koboko, na hilo neno "bure" lilinisumbua. Nikaanza kuuliza wazee na kusoma kidogo kidogo. Nilichokiona ni kwamba kazi ya kanisa katika West Nile haijawahi kuwa bure. Kuna mtu aliyeilipa, na aliilipa kwa jembe.

Kwanza tuelewe mahali penyewe. Kabla ya 1910 nchi hii ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililoshikwa na Leopold, mfalme wa Ubelgiji, pamoja na Kongo yake. Alipokufa mwaka 1909, Lado ikapita kwa Waingereza waliotawala Sudan, na mwaka 1914 upande wake wa kusini, Arua ikiwemo, ukaingizwa Uganda. Yaani katika miaka mitano mzee wa hapa aliweza kuhesabiwa mtu wa Kongo, kisha wa Sudan, kisha wa Uganda, bila kuhamisha hata chungu chake. Wakakwa wako nchi zote tatu mpaka leo. Walugbara wako Arua na wako Aru. Mpaka huu tunaouvuka na mizigo kichwani ni mdogo kwa umri kuliko watu wanaouvuka.

Injili nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Misheni ya Africa Inland Mission, tunayoiita AIM, ilikuwa Kongo tangu 1912. Mwaka 1918 Albert Vollor na Frank Gardner wakafika Arua, na Mvara ikawa kituo chao. Kwa mapatano na Waanglikana, kazi ya AIM upande wa West Nile ikawa ndani ya Kanisa la Uganda, na upande wa Kongo ikazaa CECA 20. Ndiyo maana Mkongo wa CECA 20 akikaa kwenye benchi la Kanisa la Uganda mjini Koboko, hajaingia nyumba ya mgeni. Wenye benchi na yeye ni watoto wa mama mmoja. Wakatoliki kwa upande wao walipata mapadri wa Comboni, na vituo kama Ombaci karibu na Arua, na Lodonga upande wa Yumbe.

Lakini wamisionari walikuwa wachache sana kwa nchi kubwa kama hii. Waliobeba kazi ni watu wa hapa hapa: walimu na wainjilisti kwa Waprotestanti, makatekista kwa Wakatoliki. Mtu alijifunza kusoma, akabatizwa, akatumwa kijiji ambacho pengine hakuna ndugu yake. Huko anasimamisha nyumba ya nyasi ambayo Jumapili ni kanisa na Jumatatu ni shule. Serikali ya kikoloni iliziachia misheni karibu mzigo wote wa shule, kwa hiyo mwalimu huyo ndiye aliyefundisha "a, e, i, o, u", ndiye aliyeandika barua za watu, ndiye aliyezika. Malipo yake ya pesa yalikuwa madogo, au hayakuwepo kabisa.

Sasa alikula nini? Hilo ndilo swali nililowauliza wazee, wa hapa Koboko na wengine waliotoka upande wa Aru, na wote walinieleza jambo moja: shamba la mwalimu. Waumini walikuwa na siku yao ya kuja na majembe. Wanaume walivunja ardhi, wanawake wakapanda na kupalilia. Uliwekwa muhogo, mtama, simsim, maharage. Wakati wa mavuno kila nyumba ilileta kikapu juu ya kile kilichotoka shambani. Mke wa mwalimu akijifungua, wamama walimchotea maji na kumpikia mpaka apate nguvu.

Hapo kuna kitu ambacho mimi sikukitegemea. Shamba lile lilikuwa pia njia ya kumdai mwalimu. Akiwa mlevi, akiwa hafundishi, akiwa anabagua watoto, hakuna aliyeandika barua ya malalamiko Mvara. Watu walikuja siku ya kulima wakiwa wachache, wiki inayofuata wachache zaidi, na majani yakaota. Mwalimu akaelewa. Na kijiji kilichoshindwa kulima hakikuwa na mdomo wa kudai mwalimu akae. Kila upande ulikuwa na deni kwa mwenzake, na deni hilo lilionekana wazi pale shambani.

Wazee wa Kongo hawachanganyi jambo hili na salongo ya Mobutu. Salongo nayo ilikuwa kazi ya pamoja, lakini ilikuwa ya lazima, na asiyekwenda aliadhibiwa. Katika shamba la mwalimu hakukuwa na askari. Kulikuwa na aibu, tuseme ukweli, na aibu ya kijiji si mzigo mwepesi. Ila mtu aliyelima alijua anamlimia nani, na kwa sababu gani.

Baadaye mambo mengine yalijengwa juu ya msingi huo. Mwaka 1951 familia ya Williams ilianza hospitali ya Kuluva, kusini ya Arua. Mwaka 1966 Biblia nzima ikatoka kwa Kilugbara. Na mtoto wa Koboko, Silvanus Wani, Mkakwa, alipanda mpaka akawa askofu mkuu wa Kanisa la Uganda mwaka 1977, baada ya Janani Luwum kuuawa mwezi wa Februari chini ya utawala wa Idi Amin.

Amin naye alihesabiwa mtu wa Koboko. Alipoanguka mwaka 1979, West Nile yote ikalipa. Dikteta na askofu mkuu walikuwa kabila moja, na wakulima wengi hawakuwa wamemjua hata mmoja wao kwa karibu, lakini jeshi lililokuja halikuuliza. Oktoba 1980 vita vilipowaka, watu walikimbia kwa wingi mno, wengine kuelekea Yei upande wa Sudan, wengine Aru na Aba upande wa Zaire. Waliobaki karibu na Arua, maelfu walijificha kwenye misheni ya Ombaci, wakiamini uwanja wa kanisa na bendera ya Msalaba Mwekundu vitawalinda. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliingia pale wakaua makumi ya watu. Tunaposema kanisa ni kimbilio, tukumbuke Ombaci. Kuta hazikuzuia risasi. Waliobaki hai ndio waliozika, na ndio waliobeba majeruhi.

Mtafiti Barbara Harrell-Bond alikaa na wakimbizi hao wa Uganda kule wilaya ya Yei mwaka 1982 na 1983, akaandika kitabu kiitwacho Imposing Aid, kilichotoka mwaka 1986. Hoja yake kubwa ni kwamba misaada ililetwa kutoka juu, bila kutazama kile ambacho wakimbizi na wenyeji walikuwa wanakifanya wenyewe. Wengi hata hawakuwa kambini. Walikaa kati ya Wasudan, kwenye ardhi ya watu waliowapokea.

Wazee wa Koboko waliokuwa kule wanaeleza walivyoanza kanisa ugenini: mti wa kivuli, ngoma, na daftari. Ngoma ilikuwa ya kuita watu. Katika daftari yaliandikwa majina: nani amefika, nani mgonjwa, mjane yupi hana mtu wa kumlimia. Halafu majembe yakafuata lile daftari. Walianza na shamba la mjane, kisha la mgonjwa, kisha la mwinjilisti. Kumbe ni lile lile shamba la mwalimu, limevuka mpaka pamoja na watu, na ndani yake wameongezwa wengine wasioweza kujilimia.

Kufikia 1986 wengi walikuwa wanarudi, na wengine walirudi kwa sababu vita vya Sudan yenyewe viliwafukuza. Wakakuta miji iliyobomoka na mashamba yaliyogeuka msitu. Hawajakaa sawasawa, mwanzoni mwa miaka ya 1990 makumi elfu ya Wasudan wakaingia Koboko. Mwaka 2013 Lobule ikafunguliwa kwa ajili yetu Wakongo. Mwaka 2016, baada ya mapigano ya Julai kule Juba, Bidibidi ikafunguliwa Yumbe, na njia zote zikajaa. Wako wazee hapa waliopewa ardhi upande wa Yei au Aru wakiwa vijana, na uzeeni wakawapa ardhi watoto wa wale waliowapa. Mtu akishangaa kwa nini wenyeji wa Koboko walitupokea, sehemu ya jibu iko hapo.

Sasa tuje kwetu. Katika kanisa letu Jumapili mahubiri yanatoka kwa Kiswahili na kijana anayageuza kwa Kikakwa. Kazi hiyo si ndogo, kwa sababu kwa mzee mwenyeji Kiswahili ni lugha aliyoamrishwa nayo na askari. Mkalimani anakifanya kiwe lugha ya salamu. Wako wanaopiga adungu na ngoma. Wako wamama wanaokusanya unga na kuni penye msiba, vijana wanaochangisha pesa ya boda kwa mgonjwa, na wawili wanaoshika daftari.

Lakini kitu kimoja kimebadilika tangu enzi za Mvara, nacho ni ardhi. Mwalimu wa zamani alilimiwa na watu wenye mashamba. Sisi tuna viwanja vidogo, na anayetaka kulima zaidi anakodi kwa mwenyeji. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa WFP uligawanywa kwa makundi matatu: wengine wakapata nusu na kidogo, wengine chini ya hapo, wengine wakaondolewa. Mwaka 2025 wengi zaidi wakatolewa. Mtu wa kujitolea wa kanisa yuko ndani ya makundi hayo hayo. Mkalimani wetu mmoja, msichana hodari, ameacha kuja, kwa sababu Jumapili anauza nyanya mjini, na nani atamlaumu? Tukisema anafanya kazi bure, ukweli ni kwamba wadogo zake ndio wanaomlipia, kwa kulala na njaa.

Kanisa nalo tusilisifu kupita kiasi. Ukifungua daftari letu utaona kazi nyingi zina majina ya wanawake, na sahihi chini ni za wanaume. Orodha ya wahitaji inaanza na waumini, na jirani Mwislamu anaingia baadaye, mtu akimkumbuka. Na sisi vijana wengine tunajitolea kanisani tukiwa jicho moja liko kwenye ajira ya shirika. Si dhambi, njaa ni njaa. Ila tusijifanye hatuoni.

Katika mkutano mmoja mgeni kutoka shirika fulani alitusifu sana, kisha akasema kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani sasa itabaki kwa makanisa. Hakutaja jembe, hakutaja mbegu, hata sabuni. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja aliyekuwa Yei miaka ile hakupiga. Aliuliza tu hao watembeleaji watalimiwa na nani. Mgeni alidhani ni utani.

Haukuwa utani. Msimu huu kanisa la wenyeji jirani limetuazima kipande cha ardhi. Tunakilima vijana wa pande zote mbili, muhogo na maharage, na tumekubaliana kwamba sehemu ya mavuno ni ya wale wanaotembelea wagonjwa. Tunakosa majembe, na mbegu tumeomba nyumba kwa nyumba. Ni shamba dogo. Haliwezi kuchukua nafasi ya mgao, wala lisitumiwe kuwa sababu ya kuukata.

Kwa hiyo, ndugu zetu wa mashirika, mkija kuuliza kanisa lina watu wangapi wa kujitolea, ulizeni pia wanakula nini. Na sisi kanisani tujiulize hivyo hivyo Jumapili, kabla ya kusoma majina ya zamu.