HIFADHI YA MOMENTA KATIKA VYOMBO VIPOKEZANAVYO SHEHENA

Momenta ya kitu kiendacho ni zao la tungamo lake na mwendo wake. Na kanuni ya kuhifadhika kwake, ambayo asili yake ni sheria za mwendo alizozitangaza Isaac Newton mwaka 1687, yasema kwamba jumla ya momenta ya vitu kadhaa haizidi wala haipungui, maadamu hapana nguvu ya nje ivisukumayo au ivizuiayo. Kanuni hii ni nyepesi mpaka tungamo lenyewe lianzapo kuhama, na hapo ndipo hesabu za wanafunzi, aghalabu, huenda mrama.

Natuchukue dau la kilo 900 liendalo mita 2 kwa sekunde, tusihesabu upepo wala ukinzani wa maji. Likipita chini ya gati, na gunia la kilo 100 likaangushwa wima ndani yake, momenta ile ile ya 1,800 sasa yachukuliwa na kilo 1,000, na mwendo hushuka hadi mita 1.8. Nishati ya huo mwendo wa mbele haikuhifadhika: ilikuwa jouli 1,800, zimebaki 1,620, na zile zilizopungua zimegeuka joto gunia lilipokuwa likikwaruzana na dau.

Ama baharia akiliachia gunia litumbukie majini, bila ya kulisukuma mbele wala nyuma, wengi hudhani kuwa dau, kwa kuwa limepungua uzito, litarejea mita 2. Sivyo kabisa. Gunia huondoka na fungu lake la momenta, 180, na dau husalia na 1,620 kwa kilo 900, yaani mita 1.8 zile zile.

Madau mawili ya kilo 1,000, moja likienda mita 2 na la pili mita 1 upande huo huo, yakibadilishana magunia ya kilo 100 kwa kurushiana ubavu kwa ubavu, la kwanza hushuka hadi 1.9 na la pili hupanda hadi 1.1, kana kwamba yanakwaruzana ilhali hayagusani. Kwa mfano wa jinsi hii James Clerk Maxwell, mwaka 1860, aliueleza mnato wa gesi: chembe zivukazo kutoka tabaka moja hadi jingine huchukua momenta zao pamoja nazo.

Roketi ni bab nyingine, kwani yenyewe huisukuma gesi nyuma kwa nguvu. Hesabu zake zilitengenezwa Urusi na Ivan Meshchersky mwaka 1897 na Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903. Hata hivyo gazeti la The New York Times, Januari 1920, lilimkebehi mtafiti wa roketi Robert Goddard likidai kwamba roketi haiwezi kwenda mahali pasipo na hewa ya kuisukuma, kwa kuisahau ile gesi itokayo. Liliungama kosa lake tarehe 17 Julai 1969, Apollo 11 ikiwa njiani kuelekea mwezini.