Katekista Aliyebeba Dawa

Injili ilifika magharibi mwa nchi yetu kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka hapo kuelekea Ujiji na Karema. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa. Kuhubiri upendo wa Mungu kando yake hakukuwa kazi nyepesi, maana wasikilizaji walikuwa wamewaona wenzao wakipita na minyororo shingoni.

Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kijana aitwaye Adrian Atiman. Hakuwa Mzungu. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa, mpaka Mapadre Weupe walipomkomboa kwa fedha huko Algeria. Walimsomesha uganga Malta, wakamtuma awe daktari na katekista kwa pamoja.

Ndugu zangu, wako wanaosema matendo yanatosha, mdomo wa nini? Atiman angeweza kusema hivyo kuliko sisi sote, kwa kuwa dawa yake ilionekana. Lakini mgonjwa aliyepona angemshukuru Atiman, au dawa, na kwenda zake. Ilibidi aelezwe jina la Yule aliyemtuma mganga. Na Atiman alipotamka neno “ukombozi,” hakulitoa kitabuni tu. Yeye mwenyewe alikuwa amelipiwa bei.

Alitibu na kufundisha Karema kwa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956. Mwanawe Joseph akawa padre.