Kipumuo Hakitoshi

Kabla karo inishinde niache chuo, mhadhiri mmoja alinirudishia insha ya Kiingereza ikiwa na herufi mbili za wino mwekundu pembeni: RO. Mara kumi na moja. Run-on, yaani sentensi zinazogongana bila breki. Moja akaisoma mbele ya darasa: "The rain was heavy, we slept at the market." Watu wakacheka. Nikacheka pia, ningefanyaje?

Bado nairudia ile sentensi kichwani, maana kwa Kiswahili haina kosa. Mvua ilinyesha sana, tukalala sokoni. Hiyo -ka- ndogo ndiyo gundi. Inalishika tendo la pili na kulifunga kwa la kwanza, koma inabaki na kazi ya kupumua tu. Kiingereza hakina -ka-. Ukiitoa bila kuweka kitu mahali pake, unabaki na sentensi mbili kamili, na katikati koma iliyobebeshwa mzigo usio wake.

Lakini hata Kiingereza hakikuzaliwa na sheria hii. Karibu mwaka 200 KK, Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria kule Misri (si yule wa vichekesho, ni mwingine), alibuni nukta za kutia kwenye Kigiriki, ambacho wakati huo kiliandikwa maneno yakiwa yameshikana. Nukta ya juu ilikuwa kituo kirefu kuliko zote. Zilikuwa za anayesoma kwa sauti: hapa vuta pumzi. Ndiyo, kama vile walimu wetu walivyoita koma kipumuo.

Sehemu ninayoipenda ni Ireland. Katika karne ya 7 na ya 8, watawa wa huko walianza kuacha nafasi kati ya maneno ya Kilatini. Kwao Kilatini kilikuwa lugha ya kigeni, ya kitabuni, na kukisoma kikiwa kimeshikana kulikuwa balaa. Nafasi unazoziona hapa kati ya maneno zilitoka kwa watu waliokuwa wakihangaika na lugha ya wenyewe.

Semikoloni ililetwa na Aldus Manutius, mchapishaji wa Venice, miaka ya 1490. Mwaka 1719 Daniel Defoe akatoa Robinson Crusoe, sentensi zinatembea hadi unasahau zilikoanzia, na hakuna aliyemchorea RO. Polepole alama zikahama kutoka kwenye mapafu zikaenda kwenye sarufi. Kufikia 1906, ndugu wawili wa Fowler, katika The King's English, wanaihesabu koma isiyotosha kuwa dalili ya mwandishi asiyesoma. Hiyo iliniuma, mimi mwenyewe nikiwa sina digrii.

Siku hizi nalipwa kuhariri Kiingereza cha watu, kwa hivyo sheria naifuata. Nafunika upande mmoja wa koma kwa kidole, halafu wa pili. Kila upande ukisimama peke yake, koma haitoshi. Naweka nukta, au semikoloni kama mambo yenyewe ni ndugu, au narudisha gundi: "The rain was heavy, so we slept at the market." Hiyo so ndiyo -ka- yangu. However ni tapeli: ina sura ya kiunganishi lakini haiungi sentensi.

Wiki jana nilikuta kosa hilo hilo kwenye kazi ya mteja, ukurasa wa kwanza tu. Sikuandika RO. Nilimwandikia pembeni: hapa ulikuwa unatafuta -ka-.