Jiji mahiri na mgeni wa kutwa

Jiji mahiri ni jiji linalotumia kamera, vihisi na data za simu kujua yanayotokea mitaani saa hiyohiyo, kisha likafanya uamuzi kwa kutegemea taarifa hizo. Wapo wanaoliita jiji janja, kwa kufuata simu janja, jina ambalo limeshazoeleka. Janja ni neno jepesi, lakini lina harufu ya hila. Mahiri ni mtu aliyebobea katika kazi yake, na kupokea wageni ni kazi inayodai ubobezi. Kwa hiyo nachagua mahiri.

Katika utalii wa mijini, maana ya istilahi hii inaonekana vizuri Venice, Italia. Mwaka 2020 jiji hilo lilifungua chumba cha uangalizi katika kisiwa cha Tronchetto. Kamera huhesabu wapita njia na vyombo vya majini, huku data za simu, zisizo na majina ya wenyewe, zikikadiria watu waliopo mjini na nchi walizotoka. Katika data hizo ndimo anamoonekana mgeni wa kutwa, anayeingia asubuhi na kuondoka jioni bila kulala hotelini.

Tarehe 25 Aprili 2024 Venice ilianza kumtoza mgeni huyo euro 5, katika siku 29 zilizotarajiwa kuwa na msongamano. Hujisajili kwenye intaneti, hulipa, kisha hupewa msimbo wa QR wa kuwaonyesha wakaguzi. Mwaka 2025 siku ziliongezwa kuwa 54, na aliyelipa dakika za mwisho alitozwa euro 10.

Siku ya kwanza ya tozo, wakazi waliandamana Piazzale Roma kupinga mji wao kuingiwa kwa tiketi. Uchungu wao unaeleweka. Mji wa kale uliokuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951 sasa una chini ya 50,000. Kamera itahesabu umati, lakini nyumba iliyogeuzwa ya kupangishia watalii hairudi kwa mkazi bila sheria ya makazi na viongozi wenye nia.

Ndiyo maana fasili ya jiji mahiri isiishie kwenye mitambo. Iseme pia nani anaamua baada ya hesabu kupatikana, na kama mkazi ana sauti katika uamuzi huo. Jiji linalomjua mgeni wake kwa dakika huku likimpoteza mwenyeji bado halijastahili jina hilo.