Kubungua Bongo kwa Pamoja: Asili ya Mbinu na Majaribio Yake

Desturi ya watu kuketi pamoja na kutafuta shauri ni ya kale, na neno baraza latosha kuishuhudia. Lakini kikao chenye kanuni maalumu za kuzalisha mawazo, kiitwacho kubungua bongo, kina asili inayojulikana. Kilianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, katika shirika la matangazo ya biashara la BBDO. Aliyekianzisha ni Alex Osborn (1888-1966), mmoja wa waasisi wa shirika hilo.

Hoja ya Osborn ilikuwa kwamba kubuni na kuhukumu ni kazi mbili, na zikifanywa kwa wakati mmoja ya pili huiua ya kwanza. Alieneza mbinu yake kwa kitabu Your Creative Power (1948), kisha Applied Imagination (1953). Kanuni zake zilikuwa nne: pasiwe na kukosoa, mawazo ya ajabu yakaribishwe, yatafutwe mawazo mengi, na kila mmoja aruhusiwe kuunganisha au kuboresha wazo la mwenzake. Hukumu ilikuwa na nafasi yake, ila baadaye. Osborn alidai pia kwamba mtu wa kawaida hubuni mawazo maradufu akiwa kundini kuliko akiwa peke yake.

Dai hilo ndilo lililopimwa katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1958, Donald Taylor, Paul Berry na Clifford Block walitangaza matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi 48 waligawanywa katika makundi 12 ya watu wanne wanne. Wengine 48 walifanya kazi kila mtu peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa kwa nne nne, na yaliyorudiwa yakahesabiwa mara moja tu. Waliofanya kazi peke yao walipata karibu maradufu ya mawazo ya makundi halisi. Dai la Osborn likawa limepinduliwa.

Kwa nini iwe hivyo? Wengine walitaja hofu ya kuhukumiwa, wengine uvivu wa mtu anayetegea wenzake. Mwaka 1987, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, waliofanya utafiti wao Ujerumani, walionyesha kwamba sababu kubwa ni zamu ya kusema. Waliwatenga washiriki, wakawawekea taa zilizowazuia kusema wakati mwingine anasema. Hata bila kukaa pamoja, idadi ya mawazo yao ilishuka. Anayesubiri zamu husahau wazo lake, au hulitupa kwa kuliona limepitwa, au hushughulika kulihifadhi asiweze kubuni jingine.

Kabla ya hapo dawa ilikuwa imekwisha pendekezwa. Mwaka 1971, Andre Delbecq na Andrew Van de Ven walieleza utaratibu wa hatua nne: kila mshiriki huandika mawazo yake kimya; kisha kila mmoja hutoa wazo moja kwa zamu, nalo huandikwa mbele ya wote; hufuata maelezo ya kufafanua; mwishowe kila mtu hupiga kura yake kwa siri.

Haifai kusema kwamba Osborn alishindwa kabisa. Yeye mwenyewe alishauri kwamba fikira za mtu binafsi zitangulie na kufuata kikao, lakini shauri hilo lilisahauliwa na wengi walioiga mbinu yake. Kilichobaki imara ni kanuni yake ya kuahirisha hukumu. Kilichoanguka ni imani kwamba wingi wa sauti ni wingi wa mawazo.

Funzo hilo lina uzito katika semina na vikao vya idara. Mahali ambapo profesa hufungua mazungumzo na mwanafunzi husubiri ruhusa, wazo la mdogo hupotea mara mbili: kwa heshima na kwa kungoja zamu. Dakika kumi za kuandika kimya kabla mkubwa hajasema hazimvunjii mtu heshima. Nazo huhakikisha kwamba wazo la asiyezoea kusema limefika mezani pamoja na mengine.