Zimwi Likujualo: Ngano ya Mchumba Mgeni Katika Riwaya ya Shetani Msalabani

Utangulizi

Aliyesimama Rongai na kuelekeza macho mashariki huuona mgongo mpana wa Menengai. Ng'ambo ya mlima huo, upande wa kusini, upo mji wa Nakuru. Upande wa mashariki ipo Bahati. Menengai ni volkeno iliyobomoka kilele na kuacha shimo lenye upana wa kilomita 12 hivi, na jamii zinazouzunguka zimeuhesabu tangu zamani kuwa makao ya pepo. Wamaasai husimulia habari za mashujaa waliotupwa humo katika vita vya karne ya 19. Wagĩkũyũ waliohamia bondeni wakauita mlima wa mizimu. Haishangazi, basi, kwamba mojawapo ya riwaya mashuhuri za Kenya zinazochanganya mapenzi na viumbe wa ajabu inaichota ngano yake ya msingi katika kivuli cha mlima huu.

Riwaya za mapenzi zinazohusisha mapepo na wafu, na ambazo huisimulia upya fasihi kongwe katika mazingira ya kisasa, huhesabiwa na wengi kuwa zao la Marekani la miaka ya 2000. Stephenie Meyer, katika mfululizo ulioanza na Twilight mwaka 2005, alimweka mnyonya damu katika shule ya sekondari ya mji mdogo. Katika New Moon (2006) akaiegemeza hadithi yake waziwazi juu ya Romeo and Juliet ya Shakespeare. Hata hivyo, miaka 25 kabla ya Twilight, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa amekwisha kuchapisha kwa Kigĩkũyũ riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), ambayo ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani mwaka 1982.

Makala hii inadai kwamba tofauti kubwa kati ya tapo hilo la Marekani na riwaya ya Ngũgĩ haipo katika kiasi cha uchawi wala cha mapenzi. Katika Twilight swali ni kama kiumbe wa kutisha anaweza kupendwa na kuwa mume. Katika Shetani Msalabani swali ni zimwi anatoka wapi. Swali hilo, katika bonde ambalo neno "mgeni" limewahi kugharimu maisha ya watu, si la kifasihi tu.

Jini wa pwani na zimwi wa bara

Usimulizi upya wa kazi kongwe haukuanza na Ngũgĩ. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), aliichukua hadithi moja ya Alfu Lela u Lela na kuipa sura ya Kiswahili. Ndugu wawili wasaliti, ambao katika hadithi ya Kiarabu wanageuzwa mbwa, kwake wanageuzwa manyani; anayewageuza ni Huria, jini wa kike anayelipa fadhila aliyotendewa na Adili. Jini huyu ni hakimu: huadhibu, hulinda, na mwishowe huacha nafasi ya msamaha. Ulimwengu wa ajabu, kwa mtazamo huo, uko upande wa haki.

Zimwi wa ngano za bara ni kiumbe wa aina nyingine. Hana fadhila ya kulipa. Huja kwa sura ya kijana mtanashati, huposa, hupendwa, kisha hula. Ngano ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kwao akamfuata mgeni mzuri inasimuliwa katika jamii nyingi za Afrika, na kwa kawaida mafunzo yake huelekezwa kwa msichana: asiringe, asichague, asiende mbali. Yaani ngano hii ni sheria ya ndoa iliyovikwa vazi la hofu.

Mzee wa Bahati

Katika Shetani Msalabani, ngano hiyo inaingia kupitia Gatuĩria, mwanamuziki msomi aliyeishi Marekani kwa miaka mingi na ambaye anatamani kutunga muziki wa historia ya nchi yake, lakini hapati sauti yake. Anamwendea mzee mmoja wa Bahati, Nakuru, naye mzee anamsimulia visa vitatu. Cha kwanza kinahusu mkulima aliyebeba zimwi mgongoni. Cha pili ni cha Nyanjirũ, msichana mzuri aliyewakataa vijana wa kwao, akampenda mgeni ambaye alikuwa zimwi mla watu; zimwi huyo alimkata viungo kimoja kimoja akamla. Cha tatu ni cha Ndinguri, aliyeingia katika pango la pepo wabaya akaiuza nafsi yake ili apate mali.

Kisa cha Ndinguri ni ndugu wa kisa cha Faust. Ngũgĩ mwenyewe, katika Decolonising the Mind (1986), alieleza jinsi dhamira hiyo ilivyomvutia alipokuwa akitunga riwaya hii katika gereza la Kamiti, ambako aliwekwa kizuizini mwishoni mwa 1977 hadi Desemba 1978, na ambako aliandika juu ya karatasi za chooni. Waandishi aliowataja ni pamoja na Marlowe, Goethe, Thomas Mann na Bulgakov. Huyu wa mwisho, katika Master i Margarita, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1966 na 1967, alimleta Shetani katika jiji la Moscow la kisasa na kuufungamanisha ujio wake na mapenzi ya watu wawili. Hivyo Ngũgĩ alikuwa na ruwaza mbili mkononi, moja ya Ulaya na moja ya Bahati. Na ustadi wake ni kwamba hakuitumia moja kuipamba nyingine. Alizioa.

Gretchen wa Nakuru

Ndoa hiyo inaonekana wazi zaidi katika mhusika Warĩĩnga. Katika Faust ya Goethe (1808), Gretchen ni msichana anayelaghaiwa na mtu aliyejiuza kwa Shetani. Anapata mimba, anamuua mtoto wake, anahukumiwa kifo. Warĩĩnga ni msichana wa shule mjini Nakuru, mwenye kipaji cha hisabati na ndoto ya uhandisi. Mjomba wake anamtia mikononi mwa Tajiri Mzee wa Ngorika, ambaye anampa mimba na kumtelekeza. Anajaribu kujiua. Lakini hapo Ngũgĩ anaiacha njia ya Goethe: Warĩĩnga anaishi, na mtoto wake, Wambũi, anaishi. Baada ya kuyaona maovu ya Karamu ya Shetani huko Ilmorog, na baada ya kuikataa sauti ya Shetani inayomshawishi, anasomea ufundi na kuwa fundi wa magari.

Warĩĩnga ni Nyanjirũ pia, lakini Nyanjirũ aliyeliwa akabaki hai kusimulia. Sheria ya zamani ilimlaumu msichana kwa kuchagua vibaya. Riwaya inaonyesha kwamba hakuchagua lolote. Aliuzwa na wa kwao.

Zimwi arudi nyumbani

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo inamtaka msikilizaji aamini kwamba dhalimu wa nyumbani ana kiasi, na kwamba hatari kamili iko kwa mgeni. Mwisho wa Shetani Msalabani ni jibu kwa methali hiyo. Warĩĩnga na Gatuĩria wanakwenda kwa wazazi wa Gatuĩria kukamilisha mipango ya ndoa, na baba wa mchumba anadhihirika kuwa ndiye Tajiri wa Ngorika. Zimwi hakuvuka mto wala mpaka. Ni mkwe. Anajulikana na kila mtu, anaheshimiwa, anamiliki ardhi. Warĩĩnga anampiga risasi.

Uzito wa geuzo hili hauonekani bila historia ya ardhi yenyewe. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, na mashamba ya walowezi yakaenea Njoro, Rongai na Bahati, yakilimwa na maskwota waliotoka pande nyingi. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi yalibadilisha wenyewe, lakini swali la nani mwenyeji na nani mgeni halikuzikwa. Katika ghasia za 1992, za 1998 na za 2007 hadi 2008, majirani walifukuzana na kuuana kwa jina la swali hilo. Katika miaka hiyo neno "madoadoa" lilitumika kuwataja watu waliodaiwa kulichafua eneo la wengine. Ngano ya mchumba mgeni, ikisimuliwa kama ilivyo katika mazingira ya namna hiyo, inaweza kuwa silaha. Humfundisha msikilizaji kumtafuta zimwi kwa lafudhi na kwa asili.

Ngũgĩ hakuweza kuyajua hayo mwaka 1978. Hata hivyo alikwisha kuinyang'anya ngano makali yake mabaya. Ni kweli kwamba wageni wamo katika Karamu ya Shetani: wajumbe wa mataifa tajiri wanaketi mbele na kutukuzwa. Lakini wanaoandaa karamu, wanaoshindania taji la wizi, ni wenyeji. Mgeni hasamehewi, anachopoteza ni nafasi yake ya kuwa maelezo ya kila kitu.

Hitimisho

Upungufu upo. Risasi ya Warĩĩnga inamwondoa zimwi mmoja tu, na Gatuĩria anaachwa amesimama, hajui amfuate mchumba au abaki na maiti ya baba yake. Mhakiki anaweza kusema kwamba riwaya imeshindwa kuyaokoa mapenzi. Lakini katika Twilight mapenzi huokoka kwa sababu mnyonya damu ana jamaa wema na kiu inayozuilika. Hakuna anayeulizwa mali ya jamaa hao ilitoka wapi. Ngũgĩ aliuliza, na mapenzi hayakulistahimili jibu.

Kwa maelezo ya Ngũgĩ, ambaye alifariki Mei 2025, nakala 5,000 za kwanza za Kigĩkũyũ ziliisha haraka, na katika mwaka huo wa kwanza zikachapishwa nyingine mara mbili. Watu walisomeana kwa sauti majumbani, katika mabasi na katika baa. Yaani ngano ya mzee wa Bahati iliyotiwa kitabuni ilirudi vinywani mwa watu, ikiwa imebadilika. Wanaoisimulia tena chini ya Menengai, iwe Bahati au Rongai, wana uchaguzi ambao babu zao hawakuwa nao: kumwonya msichana dhidi ya mgeni, au kumwuliza aliyeketi mahali pa heshima amekula nini.